Wiki ya Mizani

Bwana Kyando alikuja na keki. Aliibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mchanga, akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake za kijivu mpaka sebuleni na kuiweka mezani. Juu yake palikuwa pameandikwa kwa sukari ya rangi ya waridi: HONGERA SIKUDHANI.

"Mama Siku," alisema, "leo nimekuja na heri."

Subilaga alikuwa ndiyo kwanza ameshuka mlimani, sketi imelowa mpaka magotini. Kazi yake ilikuwa kushona nyavu za ukungu juu ya mlima Loleza, zile kuta ndefu za nyuzi zinazokamua maji kwenye mawingu na kuyashusha Mbeya tangu mito ilipokonda. Bwana Kyando alimfahamu vizuri. Alikuwa afisa wa Idara ya Malezi, na ndiye aliyemkabidhi Sikudhani miaka miwili iliyopita, mtoto wa miaka saba aliyekwisha kupita katika nyumba nne, na mfuko wa nguo ambazo hakuna hata moja iliyomtosha.

"Heri gani, baba?"

"Namba imeshuka. Arobaini na moja. Mtoto amepona."

Sikudhani alikuwa amesimama kwenye kona ya ukuta, jicho moja kwa mgeni, jicho moja kwa keki. Bwana Kyando alimwita. Alipofika alimgusa nyuma ya sikio, pale ilipolala chembe. Mtoto alisimama kama gogo hadi mkono ule ulipoondoka.

Chembe haikuzidi punje ya mtama. Kila mtoto aliyetoka mikononi mwa serikali kwenda kulelewa na watu aliwekewa moja chini ya ngozi, isome damu yake, mapigo ya moyo wake na usingizi wake, na kuvigeuza vyote kuwa namba. Zamani, wazazi walilazimika kueleza mbele ya kamati jinsi watoto wao walivyoumia, na aliyejua kuongea ndiye aliyepata. Mizani, mtambo uliopokea namba za chembe, haikujali nani anajua kuongea. Zaidi ya sitini, serikali ilileta kila kitu: mlezi-tiba wa kuja nyumbani, nafasi katika shule ndogo yenye walimu waliofunzwa, hata mtu wa kukaa na mtoto mzazi akizidiwa. Chini ya sitini haikuleta kitu. Bunge lilikuwa limekataa watoto wachunguzwe mwaka mzima ndani ya nyumba za watu, hivyo chembe ililala, ikaamshwa wiki moja tu katika kila nusu mwaka. Watu wakaiita wiki ya mizani.

"Na Dada Hobokela, mlezi-tiba wake?" Subilaga aliuliza.

Bwana Kyando alitazama keki yake. "Atamaliza mwezi huu. Kuna watoto wengine wanamhitaji, mama. Na shule, mtoto atahamia hii ya kawaida hapa jirani. Ni jambo la kufurahia."

"Bwana Kyando, huyu mtoto bado halali kitandani. Analala chini ya meza ya cherehani, ameegemea ukuta."

"Namba haisemi hivyo."

"Namba haijawahi kulala hapa."

"Siamui mimi," alisema kwa sauti ya chini, akaomba kisu cha kukatia keki.

Alipoondoka, nusu ya keki ilikuwa haipo mezani. Subilaga aliikuta imeshindiliwa ndani ya foronya, sukari ya waridi imeganda kwenye kitambaa. Hakumkemea. Hobokela alikuwa amemfundisha kwamba mtoto aliyewahi kunyimwa chakula haachi kuficha kwa kukemewa. Anaacha siku tumbo lake litakapoamini kwamba kesho ipo.

Hobokela mwenyewe alikuja kuaga mwisho wa mwezi. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, na kwa miaka miwili alikuwa amekaa sakafuni na Sikudhani mara tatu kwa wiki, mara nyingine bila kusema lolote. Siku hiyo alimaliza, akatoka nje, akasimama na Subilaga kwenye kibaraza.

"Ni sawa na mtu aliyevunjika mguu," alisema. "Umempa magongo, umemwona anatembea, ukasema kumbe huyu anatembea! Ukamnyang'anya magongo."

*

Shule ya kawaida ilikuwa na watoto wengi na mlango mmoja. Siku ya upepo mlango ule ulijibamiza. Mwalimu akausukumia komeo ili usipigepige, na Sikudhani akamng'ata msichana aliyekuwa ameketi kati yake na dirisha, akamng'ata hadi mfupa, kisha akapanda juu ya dawati, akavunja kioo kwa kiwiko na kutokea hapo. Mwalimu mkuu hakuwa mtu mbaya. Alimpigia Subilaga simu akamwomba mtoto akae nyumbani "mpaka atulie."

Walioujua mkasa wa komeo walikuwa wachache. Katika nyumba ya pili kati ya zile nne kulikuwa na baba mmoja aliyeona kwamba mtoto anayelia hufungiwa kwenye stoo ya mkaa, na komeo lilikuwa nje. Wiki ya kwanza ya kukaa na Sikudhani, Subilaga aliling'oa kwa bisibisi komeo la stoo yake ya nyavu, akamwonyesha mtoto matundu matupu ya skrubu. Hiyo ndiyo siku Sikudhani alipokula mbele yake kwa mara ya kwanza.

Sasa aliacha tena kula mbele ya watu. Alivunja sahani. Alichana pazia. Akiguswa alipiga, asipoguswa alijikunja. Kazi ya mlimani ilimshinda Subilaga, na mwenzake wa zamu, Mama Gwamaka, akawa anashona nyavu za Subilaga pamoja na zile za kwake.

Mama Gwamaka naye alikuwa amepewa mtoto na Idara. Siku moja Subilaga alimbeba Sikudhani mgongoni hadi juu, mtoto wa miaka tisa, kwa kuwa hakuwa na mtu wa kumwachia. Mtoto akalala kwenye rundo la nyuzi, wao wakashona.

"Ukate rufaa," alisema Mama Gwamaka.

"Nimekata. Wiki ijayo chembe inaamshwa upya."

"Basi usizembee."

"Nizembee vipi?"

Mama Gwamaka alivuta uzi, akaukata kwa meno. Ukungu ulikuwa unapita kati yao kama moshi wa kuni mbichi. "Wangu anaogopa mbwa. Kila wiki ya mizani kaka yangu analeta mbwa wake kwangu."

Subilaga aliacha sindano ikining'inia. "Mama Gwamaka!"

"Usiniite hivyo kana kwamba nimeua mtu. Wiki moja ya mbwa, nusu mwaka wa tiba. Bila hiyo tiba huyu mtoto angekuwa amejitupa mtoni. Wewe ungechagua nini?"

"Na yeye anajua?"

"Ana miaka minane. Anachojua ni kwamba mbwa wa mjomba amekuja kutembea."

Subilaga aliichukua tena sindano yake. Lakini jioni, akiwa anamshusha Sikudhani, alijikuta hamchukii Mama Gwamaka, na jambo hilo likamtisha.

*

Aliapa kwamba yeye hatafanya. Alijiambia hakuna haja, kwani mtoto anaumia waziwazi, hata kipofu angeona, chembe itaona.

Jumatatu chembe iliamshwa. Namba ikaanza kuonekana kwenye simu ya Subilaga, rangi ya bluu, ikibadilika saa baada ya saa. Asubuhi hiyo Sikudhani aliketi chini ya meza ya cherehani na hakutoka. Hakulia. Hakuvunja kitu. Macho yalikuwa wazi lakini hayakufuata mkono uliopita mbele yake, na vidole vyake vilikuwa baridi kama vya mtu aliyetoka kufua nguo alfajiri.

Namba ilikuwa thelathini na sita. Siku ya pili ikawa thelathini na tatu.

Subilaga alimpigia Hobokela, ingawa Hobokela hakuruhusiwa tena kumhudumia mtoto yule.

"Ameganda," Hobokela alisema baada ya kusikia. "Mtoto akizidiwa mno, mwili unajizima. Moyo unapunguza mwendo, damu inapoa. Chembe inasoma hapo utulivu."

"Utulivu? Dada Hobo, huyu mtoto ni kama panya mbele ya nyoka!"

"Najua."

"Si uwaambie!"

"Nimewaambia tangu nianze kazi hii. Wananiambia chembe haina upendeleo." Kisha akasema polepole, "Wakimwacha hivyo, Subilaga, akae hivyo nusu mwaka mwingine, sijui kama nitaweza kumfikia tena. Mimi au mtu yeyote."

Alikata simu. Wakati ule Hobokela hakujua maneno yake yangesababisha nini. Baadaye alijua, na wote wawili hawakuyazungumza kamwe.

Ijumaa mchana, siku ya mwisho ya kipimo, Subilaga alichukua komeo, bisibisi na skrubu zile zile. Matundu yalikuwa bado pale. Alifunga skrubu taratibu, na mikono yake, iliyozoea sindano, haikutetemeka hata kidogo. Hilo nalo angelikumbuka.

"Siku," aliita. "Niletee bonge la uzi mweupe, liko stoo."

Mtoto ambaye kwa siku nne hakuwa amejibu jina lake alitoka chini ya meza. Alipita mbele ya Subilaga, akaingia stoo, akainama kutafuta.

Subilaga akasukuma mlango na kusukuma komeo.

Kwanza palikuwa kimya. Kisha kikaja kilio ambacho hakikuwa na neno ndani yake. Mlango ukaanza kugongwa, kwa ngumi, kwa mabega, kwa kichwa. Subilaga aliketi sakafuni upande wa pili, simu mkononi. Hamsini. Sitini na mbili. Sabini na nane.

Alikuwa amejiambia atafungua namba ikipita sitini. Ilipopita sitini alikumbuka kwamba Mizani huchukua wastani wa namba ya juu na ya chini kabisa za wiki, na ya chini ilikuwa thelathini na tatu. Akasubiri. Themanini na tano. Akasubiri tena, akihesabu wastani kichwani kama mtu anayepiga hesabu sokoni. Tisini na moja.

Kisha kilio kikakatika, na namba ikaanza kuporomoka kwa kasi. Hapo ndipo aliposhikwa na hofu yake mwenyewe, akafungua.

Sikudhani alikuwa ameketi kwenye kona, kati ya marundo ya nyavu. Alikuwa amejikojolea. Paji la uso lilikuwa limevimba. Alimtazama Subilaga kwa makini, bila chuki wala mshangao, kama mtu anayejaribu kukumbuka sura aliyowahi kuiona mahali fulani, na hatimaye amekumbuka.

*

Rufaa ilikubaliwa. Hobokela akarudi, mara tatu kwa wiki. Shule ndogo ikampokea tena Sikudhani, na gari la shule likawa linasimama mlangoni kila asubuhi. Majirani walimpongeza Subilaga. Walisema, kweli huyu mama amepigania mtoto wake.

Miezi miwili ilipita kabla Hobokela hajatoka nje na kusimama tena kwenye kibaraza. Safari hii hakumtazama usoni.

"Mtoto ameniambia," alisema.

Subilaga aliitikia kwa kichwa.

"Sheria inanitaka niripoti."

"Ripoti, dada."

"Nikiripoti watamchukua leo hii. Itakuwa nyumba ya sita." Hobokela alisugua macho kwa kiganja. "Unajua kinachoniuma? Tangu nirudi sijagusa yale ya zamani. Stoo ya mkaa, yule baba, njaa, yote yapo vile vile. Serikali inanilipa nimtibu yale uliyomfanyia ili serikali inilipe."

Kesho yake Subilaga hakupanda mlimani. Alikwenda ofisi ya Idara, akaketi mbele ya Bwana Kyando, akaeleza yote, kuanzia skrubu hadi tisini na moja. Alitaka yaandikwe. Alitaka mtu mkubwa fulani ayasome.

Bwana Kyando aliinuka akafunga mlango. "Nani mwingine amesikia haya?"

"Wewe."

"Basi yaishie kwangu."

"Nimekuja uandike, baba."

"Niandike wapi?" Aligeuza kioo cha mashine yake ili Subilaga aone. "Tazama mwenyewe. Pana mahali pa namba. Pana mahali pa kusema mtoto yuko salama au hayuko. Mahali pa kusema *kwa nini* hapapo. Nikiandika hayuko salama, gari linakuja kabla hujafika nyumbani. Nikiandika yuko salama, nimedanganya kwa ajili yako. Unataka nini?"

"Nataka wajue chembe inasema uongo."

"Chembe haisemi uongo. Ilisema mtoto ana hofu, na hofu alikuwa nayo." Aliketi, uso umemlegea kama wa mtu mzee zaidi. "Unadhani ni wewe peke yako? Wengine ni mbwa. Wengine wanawamwagia watoto maji ya baridi. Yupo baba mmoja, mcha Mungu kabisa, anavaa koti la marehemu aliyekuwa akimpiga mtoto. Wiki ya mizani nikipita mitaani napandisha vioo vya gari, Mama Siku. Mji mzima unalia. Na mwisho wa wiki napokea namba, napeleka juu, wanasema mkoa wangu unajua kutambua wenye shida."

"Na wewe unakubali?"

"Ninao watoto mia moja na zaidi wanaotibiwa kwa namba hizo," alisema. "Nikifungua mdomo, wanasema wazazi ni waongo, wanafunga mpango wote. Nenda nyumbani. Mpende mtoto."



*

Sikudhani alipata nafuu. Lazima hilo lisemwe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Hobokela alikuwa stadi na mvumilivu, na mtoto alikuwa na moyo uliong'ang'ania kuishi. Alianza kula mezani tena. Alijifunza kuogelea katika bwawa la shule. Siku moja alicheka kwa sababu kuku wa jirani alikuwa ameingia ndani ya buti la mvua la Subilaga, akacheka mpaka akakaa chini. Kwa Subilaga alikuwa na adabu. Alisema shikamoo asubuhi na asante baada ya chakula, na alipoketi aliketi mahali ambapo angeuona mlango na mikono ya Subilaga kwa pamoja.

Nusu mwaka ukatimia, na chembe ikaamshwa.

Jumatatu hiyo Subilaga aliwahi kushuka mlimani. Aliita kutoka mlangoni, hakuitikiwa. Alitazama chini ya meza ya cherehani, uani, kwa jirani. Kisha akaona mlango wa stoo umeegeshwa.

Sikudhani alikuwa ndani, ameketi juu ya gunia, magoti kifuani. Alikuwa amejiandaa: sweta, chupa ya maji, kipande cha mkate. Alitetemeka mwili mzima, meno yanagongana, lakini aliinua uso.

"Siku, mwanangu, unafanya nini humu?"

"Funga."

"Nini?"

"Funga mlango. Ni wiki ya mizani." Alimeza mate. "Nimemsikia dada akikwambia kwamba naendelea vizuri sana. Nikiendelea vizuri ataondoka. Funga, nitalia vizuri. Safari hii sitanyamaza mapema."

Subilaga alishika fremu ya mlango. Komeo lilikuwa limekwisha kung'olewa, alikuwa ameling'oa usiku wa Ijumaa ile na kulitupa shimoni, lakini mtoto hakuwa amelitegemea. Pembeni ya mlango alikuwa ameweka kiti cha kuegemeza kwa nje.

Akaingia, akaketi juu ya gunia lingine, mlango ukabaki wazi. Alitaka kusema samahani, neno ambalo alikuwa amelisema mara nyingi na ambalo mtoto alilipokea kila mara kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi asiyoihitaji. Badala yake machozi yalimtoka, na alipoanza hakuweza kujizuia.

Sikudhani alimtazama akilia. Baada ya muda alinyoosha mkono, akamgusa goti kwa ncha za vidole.

"Usilie, mama," alisema. "Wewe hawakupimi."

"Sifungi, Siku."

"Basi ataondoka."

"Ataondoka."

"Halafu nani ataniangalia?"

"Mimi."

Mtoto alilipima jibu hilo. Aliumega ule mkate, akampa Subilaga nusu ndogo, akala iliyobaki, na walikaa hivyo mpaka kijua kikahama mlangoni.

Namba ya wiki ilikuwa hamsini na saba. Bwana Kyando hakuleta keki safari hii, alituma ujumbe. Hobokela alikuja mara ya mwisho, akacheza karata na Sikudhani sakafuni, akamwachia zile karata. Wiki iliyofuata Idara ilimpeleka Hobokela Vwawa, kwa mvulana mmoja ambaye kwa mwaka mzima alikuwa chini ya sitini, na ambaye namba yake, wiki ile ile, ilikuwa imepanda ghafla hadi themanini na nane.